Gorogoro ya Kidijitali: Pima Karatasi Kabla ya Kupima Mahindi

Haya wasomaji, leo hakuna habari za simu mpya wala lugha za programu. Leo tunaongea kuhusu karatasi. Ndiyo, karatasi ya kawaida ya fotokopi, pamoja na nailoni, jani la chai, na kitu chochote chembamba unachoweza kukibana kati ya vipande viwili vya foili ya alumini na kukipima tabia yake ya umeme. Najua wengine mmeshaanza kupiga miayo. Subirini kidogo, maana mwisho wa habari hii kuna gunia la mahindi, na penye gunia la mahindi pana pesa.

Msimamo wangu nautaja mapema kabisa: kila kipima unyevu kinachoamua bei ya nafaka ya mkulima kinapaswa kuwa na jedwali lake la hesabu lililo wazi, linalosomeka na yeyote. Na wa kwanza kulidai tunapaswa kuwa sisi watu wa programu, kwa sababu jedwali hilo ni programu. Mkulima hawezi kuliona. Sisi tunajua lipo.

Mimi natoka Kangema, upande wa Murang'a, pale ambapo kahawa inabaki chini na chai inapanda juu kuelekea Aberdare, na katikati kila mtu ana mahindi na maharagwe yake. Huku kwetu kila mama anaijua gorogoro. Kwa msomaji wa mbali: ni mkebe wa bati wa takriban kilo mbili, ambao ndio kipimo cha nafaka sokoni. Na kila mama anajua pia ujanja wake. Ukiona kitako cha gorogoro kimebonyezwa kuelekea ndani, unajua unaibiwa. Huhitaji shahada. Unaingiza mkono, unapapasa kitako, unakwenda kwa muuzaji mwingine.

Sasa gorogoro imekuwa ya kidijitali. Kitako chake kiko ndani ya chipu, na mkono haufiki.

MITA MBILI, GUNIA MOJA

Msimu mmoja shangazi yangu alikuwa na magunia ya kuuza. Broka wa kwanza akaja na kipima unyevu chake, akachota mahindi, akabonyeza kitufe: asilimia 15.4. "Mama, hii bado ni mbichi, nitakata kilo tano kila gunia." Shangazi akakataa. Saa mbili baadaye akaja wa pili na kifaa cha aina nyingine. Gunia lile lile, asubuhi ile ile: asilimia 13.9.

Shangazi akanigeukia. "Wewe si ndiye mtu wa kompyuta? Haya niambie, kijana wangu, ni ipi inasema ukweli?"

Jibu langu halikumfurahisha: hakuna hata moja iliyopima maji. Zote mbili zilipima kitu kingine, halafu programu ndani yake ikakisia maji.

Vipima unyevu vya bei nafuu hufanya kazi kwa njia mbili kuu. Vingine hupima ukinzani, yaani jinsi mbegu zinavyozuia mkondo wa umeme kupita. Vingine, na ndivyo ninavyovizungumzia leo, hupima kapasitansi. Ndani ya kikombe cha kifaa kuna mabamba mawili ya chuma. Ukimimina mahindi katikati, unakuwa umetengeneza kapasita, na mahindi ndiyo dayalektriki: kitu kisichopitisha umeme vizuri lakini kinachobadilisha kiasi cha chaji ambacho mabamba yanaweza kubeba.

Jambo hili si geni. Michael Faraday alilionyesha huko London mwaka 1837: badilisha kitu kilicho kati ya mabamba, na uwezo wa kubeba chaji unabadilika. Ndiyo maana kipimo cha kapasitansi kinaitwa faradi hadi leo. Kila kitu kina namba yake ya dayalektriki, yaani mara ngapi kinazidi ombwe tupu. Hewa ni kama 1. Nailoni ya poliethilini ni kama 2.3. Wanga na nyuzi za mimea zikiwa kavu ni namba chache tu. Maji? Karibu 80, kwa nyuzijoto 20!

Umeona mchezo? Kwa sababu maji yameziacha namba nyingine mbali hivyo, maji kidogo tu ndani ya mbegu yanapandisha kapasitansi ya kikombe kizima. Kifaa kinasoma pikofaradi, kinasoma joto, kisha kinatafuta kwenye jedwali lililoandikwa "mahindi" na kukuletea asilimia. Ukichagua "maharagwe", namba zile zile za umeme zinatoa asilimia nyingine. Kwa hiyo ile namba kwenye kioo ni hitimisho la mtu aliyeketi mahali fulani akaandika jedwali, kwa mahindi aliyokuwa nayo yeye.

ANZA NA NAILONI

Nilipotaka kuelewa ni wapi namba hizi zinapotoka nje ya njia, sikuanza na mahindi. Mahindi ni mabaya sana kuanzia: kila punje ina umbo lake, maji yake, mafuta yake. Nilianza na kitu chembamba, bapa, kinachofahamika. Kwa sababu mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Kenya tangu tarehe 28 Agosti 2017, nailoni yangu niliikata kwenye mfuko wa ndani wa magunia yale ya kuhifadhia mahindi bila hewa. Ni poliethilini, na mifuko ya ndani ya aina ya PICS huwa na unene wa mikroni 80 hivi, yaani milimita 0.08.

Kanuni ni ya shule ya sekondari: kapasitansi ni sawa na namba ya dayalektriki, mara 8.854 pikofaradi kwa mita, mara eneo la bamba, gawanya kwa unene. Chukua mabamba ya sentimita 10 kwa 10. Weka nailoni ya milimita 0.08 katikati. Kwa namba ya 2.3 unatarajia takriban pikofaradi 2,545. Mita ya kapasitansi ya kununua Luthuli Avenue, Nairobi, inasoma hiyo bila shida.

Lakini ukibana tu nailoni kati ya mabamba makavu, hupati 2,545. Unapata namba ndogo zaidi. Kwa nini? Hewa.

Bamba halijanyooka kabisa na nailoni ina mikunjo. Tuseme kila upande umebaki mwanya wa milimita 0.01, ambao hata jicho haliuoni. Fanya hesabu: kapasitansi inashuka hadi kama pikofaradi 1,616, na namba ya dayalektriki unayopata ni 1.46 badala ya 2.3. Zaidi ya theluthi ya jibu imeliwa na hewa! Na hii ni hewa nyembamba kuliko unywele. Kadiri kitu unachopima kinavyokuwa chembamba, ndivyo mwanya huo unavyokula sehemu kubwa zaidi. Ndiyo maana kupima vitu vyembamba ni kazi ngumu hata kwa maabara zenye pesa.

Wakubwa wa fani hii wana njia tatu za kupambana na hewa, na zote zina somo.

1. Kuifukuza. Unapaka mafuta ya mgando, ndiyo, vaselini ya dukani, safu nyembamba iwezekanavyo, kisha unabandika foili juu ya nailoni na kuisugua mpaka itulie. Msidhani ni ujanja wa kijijini! Kiwango cha kimataifa cha ASTM D150 kinaitambua njia hii ya foili na mafuta. Kwa nailoni inafanya kazi vizuri. Kwa karatasi haifai, maana karatasi inakunywa mafuta na unakuwa unapima kitu kingine.

2. Kuiandika kwenye daftari. Hapa unaacha mwanya kwa makusudi, lakini mwanya unaoujua. Weka mabamba kwa umbali usiobadilika, tuseme milimita 0.30. Pima kukiwa na hewa tupu: pikofaradi 295. Ingiza karatasi ya milimita 0.10 bila kugusa mabamba, pima tena: tuseme 379.5. Gawanya ya kwanza kwa ya pili, toa kwenye 1, zidisha kwa uwiano wa mwanya na unene, yaani 3, toa tena kwenye 1, kisha gawanya 1 kwa jibu hilo. Unapata namba ya dayalektriki 3. Hewa bado ipo, lakini sasa imo kwenye hesabu.

3. Kubadilisha mwelekeo wa uga wa umeme. Hii ni ya maabara kubwa, kwenye masafa ya gigahezi. Shiti inawekwa ndani ya kitu kinachovuma kwa masafa maalumu kama kengele, na uga wa umeme unapita sambamba na uso wa shiti badala ya kuutoboa. Mwanya wa hewa juu au chini hauathiri tena jibu. Jerzy Krupka wa Poland ni mmoja wa waliojulikana kwa kazi hii. Kifaa si cha bei yetu, lakini wazo ni tamu: badala ya kupigana na kosa, unapanga kipimo ili kosa lisihesabike.

Na kabla ya yote hayo kuna unene. Ukipima milimita 0.08 kwa maikromita inayosoma hadi 0.01, unaweza kukosea kwa asilimia sita hivi bila kujua. Kunja nailoni mara nne upate tabaka 16, bana vizuri, pima, gawanya kwa 16. Dakika moja tu, hakuna gharama, na kosa limepungua sana.

KARATASI INA HALI YAKE YA HEWA

Sasa weka karatasi. Nailoni ni mpole: leo 2.3, kesho 2.3. Karatasi inabadilika na mawingu. Mwezi wa saba huku kwetu ukungu unashuka kutoka mlimani na hauondoki hadi mchana. Karatasi iliyolala mezani usiku inavuta unyevu wote huo. Ipime asubuhi, kisha iache juani saa moja, ipime tena. Namba zinashuka. Hapo una kipima unyevu mkononi, umekitengeneza mwenyewe, kwa foili na karatasi.

Halafu fanya jaribio ambalo kila mtu anayeamini namba za mashine anapaswa kulifanya mara moja maishani. Chukua mita inayoweza kubadilisha masafa, nyingi za mkononi zina hezi 100 hadi kilohezi 100. Pima karatasi ile ile yenye unyevu kwa masafa ya chini, kisha ya juu. Namba ya masafa ya chini inakuwa kubwa zaidi, wakati mwingine kubwa sana. Maji hayajaongezeka. Kilichotokea ni kwamba chumvi zilizoyeyuka ndani ya unyevu zinapata muda wa kusafiri huku na huko, zinajikusanya kando, na mita inazihesabu kama kapasitansi. Ukipandisha masafa, hazipati muda tena.

Jani la chai ni kali zaidi. Jani bichi ni shiti nyembamba iliyojaa maji, zaidi ya robo tatu ya uzito wake, na maji hayo yana chumvi. Ukilibana kati ya mabamba matupu kwa hezi 100, unapima zaidi waya kuliko kapasita. Lazima ulikinge kwa nailoni pande zote mbili na upande masafa ya juu ndipo namba ianze kuwa na maana.

Kwa hiyo, mtu akikuambia "namba ya dayalektriki ya karatasi hii ni 4", muulize: kwa masafa gani? Kwa joto gani? Unyevu wa hewa ulikuwa kiasi gani? Hewa ya mwanya uliifanyia nini? Asipojibu, hiyo namba ni uvumi tu.

RUDI KWENYE GUNIA

Sasa mrudie shangazi na mita zake mbili. Kila kosa la karatasi limo ndani ya kikombe cha mahindi, ila kubwa zaidi.

Hewa? Kati ya punje na punje imejaa hewa. Ukimimina mahindi taratibu, yanakaa yamelegea. Ukimimina kwa kishindo au ukigongagonga kikombe, yanashikana, mahindi mengi zaidi yanaingia kati ya mabamba, na kifaa kinaona "maji" zaidi. Mkono wa broka unaweza kuongeza unyevu bila tone la maji! Kifaa kizuri hupima pia uzito wa mahindi yaliyomo na kusahihisha. Cha bei nafuu hudhani tu.

Joto? Mahindi yaliyotoka kuanikwa juani na yale yaliyolala ghalani kwenye baridi hayasomeki sawa hata yakiwa na maji sawa. Masafa? Kila kiwanda na masafa yake. Jedwali? Kila kiwanda na jedwali lake, na aina za mahindi alizozitumia aliyeliandika.

Na tuongee pesa kidogo. Kiwango cha mahindi cha Afrika Mashariki kinataka unyevu usiozidi asilimia 13.5. Tuseme gunia la kilo 90 kweli lina asilimia 15. Ndani yake kuna kilo 76.5 za mahindi makavu kabisa. Ukilikausha hadi 13.5, litakuwa na kilo 88.4. Maji ya ziada ni kilo moja na nusu hivi. Yule broka alitaka kukata kilo TANO! Hata kama mita yake ingekuwa sahihi kama Kurani na Biblia, hesabu yake bado ilikuwa gorogoro yenye kitako kilichobonyezwa. Namba hii ya kilo moja na nusu ningependa kila mkulima aikariri kabla ya kukariri namba ya simu ya broka yeyote.

Lakini upande wa pili wa kosa ni mbaya zaidi. Mita ikisema 13.5 kumbe ni 15 au 16, mkulima anafurahi, anafunga gunia, anaweka ndani. Kuvu inaanza. Mwaka 2004, sumukuvu ya aflatoksini ilitokea katika wilaya za Makueni, Kitui, Machakos na Thika. Watu 317 waliugua na 125 walifariki. Walikula mahindi ya nyumbani yaliyohifadhiwa na unyevu. Thika ni jirani zetu kabisa, ukishuka barabara tu. Kwa hiyo tunapobishana kuhusu asilimia moja na nusu, tunabishana pia kuhusu ugali wa nani ni salama.

NI NANI ANAKAGUA MKAGUZI?

Sisi watu wa Kangema tuna historia na vifaa vya kupimia. Mbunge wetu wa miaka mingi, marehemu John Michuki, akiwa Waziri wa Uchukuzi ndiye aliyewasimamisha wenye matatu mwaka huo huo wa 2004: mikanda, mstari wa manjano, na kidhibiti mwendo kisichozidi kilomita 80 kwa saa. Wengi walimchukia kwa wiki mbili na kumsifu kwa miaka. Lakini kila aliyepanda matatu baadaye anajua kilichofuata: kidhibiti kipo, kibandiko kipo, na gari linaruka. Kifaa bila mtu wa kukifungua na kukikagua hugeuka pambo.

Mizani za sokoni zina sheria ya Mizani na Vipimo na zina muhuri wa mkaguzi, na mkulima anajua kuuliza muhuri uko wapi. Lakini sijawahi kumsikia mkulima akiuliza, "Hili jedwali la mahindi ndani ya mita yako ni toleo la mwaka gani, na lililinganishwa na nini?" Hawezi kuuliza, kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba kuna jedwali.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa daftari lipo, ila limefungiwa ndani ya mashine ya mnunuzi.

Najua jibu la watengenezaji: "Jedwali ni siri yetu ya biashara, tumegharamia utafiti." Sawa, utafiti una gharama. Lakini angalieni Marekani, nchi ambayo hakuna anayeweza kuituhumu kuchukia biashara. Idara ya Kilimo ya huko ilikuwa na tatizo hili hili la mita tofauti na majedwali tofauti. Mtafiti wao David Funk na wenzake wakatengeneza kanuni moja ya pamoja ya unyevu wa nafaka: masafa ya juu ya megahezi 149, ambako chumvi haisumbui sana, marekebisho ya msongamano, yaani ile hewa yetu, na marekebisho ya joto. Mwaka 2012 na 2013 ikaingia kwenye upimaji rasmi wa serikali. Kanuni ikachapishwa. Vifaa vya kampuni mbili shindani vikaidhinishwa kutumia kanuni ile ile, na kampuni zote mbili ziliendelea kuuza mashine. Hakuna aliyefilisika kwa sababu hesabu iko wazi.

Mwingine atasema: mkulima wa Kangema atafanya nini na jedwali la koefishenti? Yeye huenda asifanye kitu. Lakini mtoto wake aliyesoma fizikia atalisoma. Mwalimu wa shule ya upili atalisoma. Chama cha ushirika kitamlipa mtu alisome. Hakuna anayedai kila mama achunguze gorogoro yote ya soko. Inatosha kwamba yeyote ANAWEZA kuingiza mkono. Hilo peke yake linamfanya muuzaji aogope kubonyeza kitako.

TUNAWEZA KUFANYA NINI?

Kwanza, kwa mkulima, leo hii, bila kompyuta: chupa kavu ya kioo yenye kifuniko, mahindi hadi robo, na chumvi kavu kijiko kimoja au viwili. Tikisa, acha dakika kama kumi na tano. Chumvi ikishikamana na kioo, mahindi yako yamezidi kama asilimia 15, usiyahifadhi. Isiposhikamana, uko chini ya hapo. Haikupi desimali, lakini haina jedwali la siri.

Pili, kwa vyama vya ushirika: mita za mabroka wote zilinganishwe kwenye gunia moja kabla ya msimu, hadharani, na sampuli moja ipelekwe kwenye tanuri. Tanuri ndiyo hakimu: unapima uzito, unakausha punje nzima kwa nyuzijoto 103 kwa saa 72, unapima tena. Kilichopungua ndicho maji. Andikeni tofauti ya kila mita kwenye karatasi na kuibandika mlangoni.

Tatu, kwa serikali: kipima unyevu kinachokata bei kitendewe kama mizani. Kikaguliwe, kipigwe muhuri, na jedwali lake liwe sehemu ya kile kinachokaguliwa.

Na nne, kwa ndugu zangu watayarishaji programu. Tunapenda sana kuandika programu za kilimo. Kila shindano la teknolojia lina programu tano za kumwambia mkulima bei na mvua. Lakini wengi wetu tunachukua namba kutoka kwenye sensa na kuiamini kama imeshuka kutoka mbinguni, kisha tunaipamba kwa grafu nzuri. Kabla hujaandika mstari mmoja wa programu ya unyevu, nunua foili, kata nailoni, pima. Ukiona 1.46 mahali ulipotarajia 2.3, utaheshimu hewa. Ukiona karatasi moja ikitoa namba mbili kwa masafa mawili, utaacha kuandika "unyevu: 15.4%" bila kusema umeipataje. Na ukimaliza, chapisha jedwali lako pamoja na msimbo wako, ukisema lilitokana na mahindi ya wapi, ya msimu gani, kwa joto gani.

Shangazi aliuza kwa yule wa pili. Si kwa sababu mita yake ilikuwa ya kweli zaidi, maana hakuna aliyekuwa na tanuri siku hiyo. Aliuza kwa sababu ilimpa pesa zaidi, kama ambavyo mtu yeyote angefanya. Mkulima akibaki anachagua kati ya mashine mbili zisizojieleza, hapo hatujaleta teknolojia bado. Tumemletea tu gorogoro mbili, na zote mbili zimefungwa kitako.